Moto wa Gahini: Uamsho Uliovuka Mipaka, na Mahali Ulipokwama

Kuna wimbo mmoja ambao hapa kambini kila mtu anaujua hata kama hajui kwamba anaujua. Ni Tukutendereza. Ukianzishwa msibani, Mganda ataimba, Mnyarwanda ataimba, Mrundi ataimba, na Mkongo wa Kivu naye atapokea kwa sauti yake. Maneno ya kiitikio ni ya Kiganda, ila hakuna anayeuona kuwa ni wimbo wa Waganda. Ni wa wote.

Vijana wengi ninaofanya nao kazi wanadhani ni wimbo wa kuzikia tu. Kumbe ni alama ya harakati kubwa iliyoanza Rwanda na Uganda karibu miaka mia iliyopita, ikafika Burundi, Kenya, Tanganyika na mashariki mwa Kongo. Wazungu waliiita Uamsho wa Afrika Mashariki. Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Rwanda na Kigezi waliitwa Abaka, yaani wanaowaka. Wao wenyewe waliitana ndugu, basi.

Naandika habari hii kwa sababu uamsho ule ulifanya jambo ambalo sisi tunahangaika nalo kila siku: uliwaweka pamoja watu ambao hawakutakiwa kuwa pamoja. Na naandika pia kwa sababu kuna mahali ulishindwa, na kushindwa kwenyewe kunatuhusu sisi zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Hospitali yenye njaa na ugomvi

Gahini ni kilima kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walijenga hospitali pale miaka ya 1920. Mwaka 1928 akafika daktari kijana, Joe Church. Alikuta njaa. Miaka ya 1928 na 1929 eneo lile lilipigwa na ukame, watu wakafa njiani, wengine wakakimbilia Uganda. Hospitali ilijaa watu waliokuwa wanahitaji chakula kuliko dawa.

Pamoja na njaa kulikuwa na ugomvi. Wahudumu wa hospitali walinung'unika juu ya mishahara na juu ya Wazungu. Wazungu nao walinung'unika juu ya wahudumu. Wote walikuwa Wakristo, wote waliingia kanisani Jumapili, na Jumatatu kila mtu alirudi upande wake. Sijui kama picha hii inamkumbusha mtu mahali fulani.

Mwaka 1929 Church alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Pale Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, mtu wa familia yenye jina, aliyekuwa na kazi nzuri serikalini. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Zingatia jambo hili: ilikuwa wakati wa ukoloni. Mzungu daktari alikuwa amekuja kufundisha, si kufundishwa. Lakini alikaa chini na Mwafrika, wakachunguza mioyo yao wakiwa sawa, na wote wawili waliondoka wamebadilika. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa anahubiri barabarani Kampala, bila viatu miguuni.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kuwa mwalimu. Na mhudumu mkuu wa hospitali, Yosiya Kinuka, aliyekuwa mmoja wa wanung'unikaji wakubwa, alikwenda Kampala kumtembelea Nsibambi. Nsibambi alimuuliza mambo ya Gahini yanaendaje. Kinuka akaanza kumweleza ubaya wa watu wa pale mmoja mmoja. Nsibambi hakubishana naye. Alimrudisha kwenye moyo wake mwenyewe: kama hospitali ni mbaya, wewe una sehemu gani katika ubaya huo? Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akaanza kutubu mbele ya wale wale aliokuwa akiwasema.

Kwa maoni yangu uamsho wote uko ndani ya swali hilo. Umoja haukuanza kwa mkutano wa upatanishi kati ya kundi A na kundi B. Ulianza pale mtu mmoja alipoacha kuhesabu makosa ya wengine.

Krismasi ya 1933 ulifanyika mkutano mkubwa Gahini. Ulipokaribia kwisha, katika maombi, mtu mmoja alisimama akaungama dhambi zake waziwazi. Akafuata mwingine, na mwingine. Walikaa muda mrefu, watu wakisubiriana kupata nafasi. Mwaka 1936 mambo yaliwaka zaidi. Mwezi Januari Blasio Kigozi alikwenda Kampala kuwaambia viongozi wa kanisa kwamba kanisa limelala, na neno lake lilikuwa Zukuka, maana yake amka. Aliugua homa huko huko akafariki, hajafika hata miaka 30. Kifo chake kilisambaza ujumbe kuliko maisha yake. Vijana wanaoambiwa wasubiri wakue ndipo waseme kanisani wamkumbuke Blasio.

Kutembea nuruni

Hawa ndugu walifanya nini hasa? Walikuwa na neno lao: kutembea nuruni. Maana yake ni kwamba dhambi ikikaa gizani inakutenga na Mungu na inakutenga na jirani. Ukiileta nuruni, damu ya Yesu inaisafisha, na ukuta kati yako na mwenzako unaanguka. Kwa hiyo walikutana katika vikundi vidogo, mara nyingi kila wiki, wakasoma Neno, wakaungama, wakaimba.

Ila hawakuishia kwenye kuimba. Aliyeiba alirudisha. Watu walirudisha mablanketi na vitu vya hospitali. Kule Kigezi maofisa wa serikali walishangaa watu wanakuja wenyewe kulipa kodi waliyoikwepa na kurudisha mali ambayo hakuna aliyeifuatilia. Mwenye deni la ng'ombe alipeleka ng'ombe. Toba ilikuwa na uzito wa kilo, unaweza kuibeba mkononi.

Na walikula pamoja. Hili linaonekana dogo, lakini wazee wa Ankole na Rwanda wanajua si dogo. Wafugaji walikuwa na miiko mingi ya chakula, nani ale nini na ale na nani. Mfugaji hakukaa tu ovyo na mkulima kwenye chungu kimoja. Ndugu waliokoka wakavunja miiko hiyo. Muhima na Mwiru, Mtutsi na Mhutu, Mzungu na mpishi wake, walikaa meza moja. Na Wazungu wengine walifanya jambo gumu kuliko kula: waliungama mbele ya Waafrika kiburi chao na dharau yao.

Nawaambia pia wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili, maana tunazihudhuria semina zenu za kuishi pamoja kwa amani na tunashukuru. Ndugu hawa walitembea kwa miguu kutoka Rwanda hadi Uganda na Burundi kupeleka ujumbe. Hakukuwa na bajeti. Hakukuwa na posho ya usafiri wala karatasi ya kusaini mahudhurio. Sisemi posho ni dhambi. Nasema kuna kitu posho haiwezi kununua.

Hawakutoka kanisani

Mwaka 1941 uamsho ulifika kwenye njia panda. Katika chuo cha kanisa pale Mukono, Uganda, wanafunzi waliookoka walikuwa wanaamka alfajiri kuomba na kuhubiri, na walikuwa wanasema wazi juu ya wizi na uasherati waliouona chuoni. Uongozi ukawakataza. Wakakataa kunyamaza. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, akiwemo William Nagenda, ambaye baadaye alikuwa mhubiri anayejulikana mbali.

Hapo ilikuwa rahisi sana kuanzisha kanisa jipya. Sababu walikuwa nayo, watu walikuwa nao, hata nyimbo walikuwa nazo. Hawakuanzisha. Walibaki ndani ya kanisa lile lile lililowafukuza, wakakaa viti vya nyuma, wakaendelea na vikundi vyao siku za kazi. Miaka 25 baadaye, mwaka 1966, mmoja wa watu wa uamsho, Erica Sabiti, akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda.

Tulinganishe na sisi. Hapa mchungaji akigombana na katibu wake, mwezi haujaisha kuna hema jingine limesimama na jina jipya, kwaya imegawanyika, na spika mbili zinashindana kwenye kijiji kimoja. Halafu kila upande unaita jambo hilo maono.

Sisemi ndugu hawakugawanyika kamwe. Walifika huko. Miaka ya mbele, kule Uganda, lilitoka kundi lililojiita Abazukufu, walioamka tena. Wakaanza kupima wokovu wa mtu kwa mambo kama madeni na mavazi. Kilichoanza kama nuru kikawa orodha ya sheria, na ndugu wakaacha kushirikiana na ndugu. Moto wa kupikia ukiachwa bila mtu wa kuuangalia unachoma nyumba.

Walipojaribiwa

Maneno ya umoja ni mepesi wakati wa amani. Kipimo kilikuja.

Kenya, miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo. Wakasema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Lakini serikali ya kikoloni ilipowapa bunduki ili wajilinde na kupigana upande wake, wengi waliikataa pia. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili, na wengine waliuawa.

Rwanda, Novemba 1959, machafuko yalianza, nyumba zikachomwa, Watutsi wakakimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Kati ya wakimbizi hao walikuwemo ndugu wengi wa uamsho. Waliondoka na godoro, mtoto na wimbo. Kwa hiyo uamsho huu ni sehemu ya historia ya ukimbizi wenyewe katika eneo letu. Mikutano ya maombi ilikuwepo kwenye makambi ya wakati ule kabla ya wengi wetu kuzaliwa, kabla hata ya baba zetu kuzaliwa.

Wengine walihamishwa ndani ya nchi, wakapelekwa Nyamata, sehemu ya Bugesera iliyokuwa pori lenye mbung'o. Huko alihudumu mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho, aliyewatunza waliofukuzwa makwao. Mwishoni mwa 1963 wapiganaji waliovuka kutoka Burundi walishambulia, na serikali ikalipiza kwa raia. Januari 1964 askari walikuja usiku wakamchukua Yona. Mwenzake aliyechukuliwa pamoja naye alinusurika, na ndiye aliyesimulia: Yona aliomba, akawaombea na waliomchukua, akaenda mautini akiimba. Kitabu ambacho Joe Church aliandika juu yake kinaitwa kwa Kiingereza Forgive Them, yaani Wasamehe.

Na Uganda, Februari 1977, askofu mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huu, aliuawa chini ya Idi Amin. Rafiki yake askofu Festo Kivengere wa Kigezi alionywa kwamba anatafutwa. Akakimbia usiku na mkewe, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Askofu akawa mkimbizi kama wewe na mimi. Akiwa London Ijumaa Kuu mwaka huo huo, alijikuta hawezi kusikiliza habari za msalaba huku moyo umejaa chuki kwa Amin. Akaungama chuki hiyo, akaandika kitabu ambacho jina lake ni Nampenda Idi Amin. Watu wengi walikasirika kusikia jina hilo. Lakini Kivengere hakusema Amin hana hatia. Aliendelea kuusema waziwazi ubaya wa utawala ule. Alichokataa ni kumruhusu Amin atawale na moyo wake pia. Mkimbizi anaelewa tofauti hiyo kuliko mtu aliyelala nyumbani kwake.

Mahali ulipokwama

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu. Tukiiruka, habari yote hii inakuwa ya kujisifu.

Miaka ile ile ya mwanzo wa 1930, wakati ndugu wanaungama Gahini, serikali ya Kibelgiji ilikuwa inafanya kazi nyingine katika nchi hiyo hiyo. Ilihesabu watu na kuwapa vitambulisho, na kila kitambulisho kiliandikwa: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Zamani mtu aliweza kwa njia fulani kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Karatasi ikafunga mlango.

Kwa hiyo Rwanda ilikuwa na vitu viwili vinakua pamoja. Kimoja kilisema mbele ya msalaba sisi ni ndugu. Kingine kilisema mfukoni mwako kuna jina lako la kweli. Miaka 60 baadaye, Aprili 1994, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani, na hakuna aliyewauliza kama wameokoka. Waliombwa kitambulisho.

Rwanda wakati huo ilikuwa nchi ambayo karibu kila mtu ni Mkristo. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi watu walikimbilia makanisani, na makanisani ndimo walimouawa. Kanisa Katoliki la Nyamata, Nyamata ile ile ya Yona, waliuawa maelfu ndani na kulizunguka. Leo ni mahali pa kumbukumbu. Viongozi wengi wa makanisa, wakiwemo Waanglikana, walikuwa karibu mno na serikali hata wakashindwa kuikemea. Walikuwepo waumini walioficha jirani zao na wengine wakafa pamoja nao, na hao tusiwasahau. Lakini nchi ilipotokea uamsho haikuokolewa na uamsho.

Kwa nini? Wapo wanaosema uamsho ulikuwa umezimika. Mimi naona pia kitu kingine. Ndugu walijua kuungama wizi, pombe, uzinzi, hasira, wivu. Hizo walizileta nuruni bila woga. Lakini ile chuki ya kikabila, iliyoandikwa na serikali na kufundishwa shuleni, wengi waliiacha gizani kwa sababu waliiita siasa. Wakasema sisi tumeokoka, hayo hatuyaongelei. Na dhambi usiyoitaja haifi. Inakaa kimya ikisubiri siku yake.

Kivengere na Kinuka wanatufundisha kuanza na moyo wangu mwenyewe. Nyamata inatufundisha kwamba moyo una chumba cha nyuma, na kutubu vyumba vya mbele tu hakutoshi.

Na sisi je?

Kambini hatuna vitambulisho vya Wabelgiji, lakini tunajuana. Tunajua kanisa lile ni la watu wa kabila fulani, kwaya hii ni ya watu wa mkoa fulani, mchungaji yule hawezi kuzika mtu wa upande ule. Kwenye foleni ya mgao mtu anasikia lafudhi ya mwenzake na moyo unakaza. Kanisani hatulisemi hilo. Tunaombea mvua, tunaombea hati za kusafiri, tunaombea wagonjwa. Chumba cha nyuma hatukifungui.

Sidhani dawa ni kuwalazimisha watu waungame hadharani. Hapa kuna watu waliobakwa, waliopoteza watoto, na wengine ambao waliowaumiza wanaishi mtaa wa pili. Aliyetendewa hadaiwi toba kwa kosa la mwingine, na asiharakishwe kusamehe ili sisi wengine tujisikie vizuri. Nuru ya Gahini haikuwa tochi ya kummulika jirani usoni. Kila mtu aliielekeza kwake mwenyewe kwanza.

Lakini vikundi vidogo vinawezekana. Watu sita au saba, wa makanisa tofauti na makabila tofauti, wanaokutana kila wiki nyumbani kwa mtu, wanasoma Neno, wanakula ugali na maharage kwenye sinia moja, na polepole wanafika mahali pa kusema: nilifundishwa hivi juu ya watu wako, nikaamini, na sitaki kumfundisha mwanangu. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji mtu mmoja wa kuanza, kama Kinuka alivyorudi hospitali yake akaanza na wale wale aliokuwa akiwasema.

Siku nyingine Tukutendereza ukiimbwa msibani, tazama aliyesimama karibu yako. Kama kuna jambo juu ya watu wake ambalo hujawahi kulileta nuruni, basi kuimba peke yake bado hakujamaliza kazi.